Hatukai juu ya uji wa moto: ndani ya dunia kukoje kweli

Dogo wa jirani yangu hapa Arusha alikuja na daftari la shule, kachora duara kubwa kwa kuzungushia kisahani, ndani kachora mengine mawili, la nje kapaka kahawia, linalofuata kalijaza rangi nyekundu lote, afu katikati njano kama yai. Akaniuliza, anko, kama chini kote ni moto hivi mbona maji ya kisima chetu ni ya baridi?

Nilicheka kwanza, baadae nikaona hamna cha kucheka. Mtoto kauliza kitu ambacho watu wazima wengi tumekaa nacho kichwani miaka yote bila kukihoji, kwamba tunaishi juu ya kiganda chembamba na chini yake kuna bahari ya lava inatokota kama uji, palipo na tundu ndo tunapaita volkano. Hiyo picha ina ukweli kidogo na uongo mwingi, na uongo wenyewe uko hapo kwenye rangi nyekundu.

Tuanze na kisima chake. Ukichimba kwenda chini joto linapanda kweli, sehemu nyingi ni kama digrii 25 mpaka 30 kwa kila kilomita. Kilomita, sio mita. Kisima cha mita 40 joto limeongezeka digrii moja na kitu tu, na maji yenyewe yametokana na mvua za huko juu mlima Meru kwenye baridi, sasa yatakuwaje ya moto? Mwamba ni mvivu sana wa kupitisha joto, ni kama ule udongo wanaoweka ndani ya jiko la mkaa, ndani makaa yamewiva mekundu ila nje unashika. Joto linalovuja kutoka ndani ya dunia ni kama wati moja kwa kila mita za mraba 15 hivi, yaani ukitaka kuwasha taa ndogo ya LED ya wati 5 inabidi ukusanye joto la chini ya nyumba nzima, vyumba vyote na sebule na ukumbi. Ndo maana miguu haiungui.

Sasa swali linalofuata ni gumu zaidi. Nani kaenda huko chini akaona?

Hakuna. Waliokwenda mbali kuliko wote ni wachimbaji, kuna mgodi wa dhahabu Afrika Kusini unaitwa Mponeng watu wanashuka karibu kilomita 4, na huko ukuta wa mwamba una joto la digrii 60 na ushee mpaka inabidi wapelekewe barafu chini ili waweze kufanya kazi. Kwa shimo tupu bila mtu rekodi iko Kola, kaskazini kabisa mwa Urusi jirani na Norway, Wasovieti walianza kukeketa mwaka 1970 na kufikia 1989 wakawa wamefika mita 12,262, shimo lenyewe upana wake sentimita 23 tu. Walitegemea kukuta digrii 100 huko chini, wakakuta 180, mwamba ukawa unajifunga wenyewe kila wakichomoa mtambo, wakashindwa. Saivi mdomo wa shimo umezibwa na kifuniko cha chuma kimekazwa nati, ukipita bila kuambiwa unaweza kudhani ni chemba ya maji.

Kilomita 12 unaona nyingi? Kutoka juu mpaka katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Fanya safari hiyo iwe ya basi Arusha mpaka Dar, basi shimo la Kola ni kilomita moja na kitu, hujatoka hata mjini, kondakta bado anapanga mizigo.

Kwahiyo hizo rangi zote kwenye daftari zilitoka wapi kama hamna aliyefika? Zilitoka kwenye kitu ambacho kila mtu kashawahi kukifanya sokoni, kugonga tikiti. Huwezi kulipasua tikiti la mtu kabla hujalipia, unalinyanyua kwanza usikie uzito, afu unaligonga na kidole unasikiliza. Dunia nayo imesomwa hivyohivyo, uzito kwanza, sauti baadae.

Uzito ulipatikana mwaka 1798. Mwingereza mmoja Henry Cavendish, tajiri mwenye aibu sana asiyependa kuonana na watu, alijifungia na mizani yake ya mipira ya madini ya risasi iliyoning'inia kwenye waya akapima mvutano kati ya mipira, mvutano mdogo kiasi kwamba alikuwa anausoma kwa darubini akiwa nje ya chumba ili joto la mwili wake lisiharibu hesabu. Kutoka hapo akapata kwamba dunia kwa ujumla ina uzito kama mara 5.5 ya maji ya ujazo uleule. Sasa chukua jiwe lolote la kawaida, jiwe kama yale ya Mwanza yaliyopandana ziwani, hilo ni mara 2.7 tu. Hesabu haifungi. Kama juu ni nyepesi hivi na wastani ni mkubwa vile basi ndani lazima kuna kitu kizito mno, na kizito kinachopatikana kwa wingi ulimwenguni kinachofaa hapo ni chuma. Mtu hajatoka London na tayari kajua katikati sio mawe.

Sauti ndo ilichelewa, kwa sababu ili usikie mlio wa tikiti kubwa hivi unahitaji mgongaji mkubwa, na mgongaji wetu ni tetemeko la ardhi. Tetemeko likipiga mahali linarusha mawimbi pande zote mpaka ndani kabisa na yanatokea upande wa pili. Lile la Bukoba la Septemba 10, 2016, ukubwa 5.9, sisi tunakumbuka nyumba zilizoanguka na watu waliokufa, ila dakika chache baada ya hapo mitambo ya nchi za mbali kabisa ilikuwa inaliandika pia. Wimbi linalopita katikati kabisa linatoboa dunia nzima kwa dakika 20 hivi, ndege ya abiria muda huo bado haijamaliza kupanda angani.

Mawimbi yenyewe ni ya aina mbili na hapa naomba utulie kidogo maana kila kitu kinasimama hapa. La kwanza ni la kusukuma, kama foleni ya watu wamebanana kituo cha mwendokasi, wa nyuma akisukuma anamsukuma wa mbele yake naye wa mbele yake, msukumo unafika mbele ingawa kila mtu kasogea kidogo tu. Hili linapita popote, kwenye jiwe, kwenye maji, hata hewani, sauti yenyewe ni wimbi la namna hii. La pili ni la kutikisa kwa upande, kama kamba uliyoifunga kwenye mti ukaitikisa, na hili linataka kitu kigumu kinachoshikana, kwa sababu ukisogeza maji kwa pembeni hayarudi, yanateleza tu. Kwahiyo wimbi la kutikisa likikutana na kitu kimiminika linafia hapohapo. Limepita, ujue ni kigumu. Limepotea, ujue kuna kimiminika.

Mwaka 1906 Richard Oldham, mtaalamu wa miamba aliyekuwa amefanya kazi India, alionyesha kutoka kwenye rekodi za matetemeko kwamba katikati kuna kitu tofauti, mawimbi yakipita huko yanachelewa. Kikapewa hadhi ya kiini. Miaka mitatu baadae kule Zagreb jamaa anaitwa Andrija Mohorovičić akawa anachambua tetemeko lililopiga jirani na mji wake Oktoba 1909, akaona kitu cha ajabu, vituo vya mbali kidogo vilipata mawimbi mapema kuliko ilivyotakiwa. Akili yake ikamwambia kuna mawimbi yamezama chini, yakakuta njia nzuri, yakakimbia, yakapanda tena juu na kuwahi, kama dereva anayezunguka bypass anafika kabla ya aliyenyoosha katikati ya mji kwenye foleni. Hiyo bypass ndo mpaka kati ya ganda na tabaka la chini yake, hilo la chini nitaliita koti. Chini ya bara ganda lina wastani wa kilomita 35, chini ya milima kama Himalaya linafika hadi 70, na chini ya bahari kubwa ni kama 7 tu. Wanaosema dunia ni kama yai wanalipa ganda sifa lisilostahili, ganda la yai likilinganishwa na yai lenyewe ni nene kuliko hili letu.

Beno Gutenberg akaja akapima kiini kinaanzia wapi, kama kilomita 2,900 chini, na namba yake haijasogea sana mpaka leo. Mwaka 1926 Harold Jeffreys akathibitisha kwamba kiini ni kimiminika. Wote wakaridhika.

Asiyeridhika alikuwa mwanamama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann. Kazi yake ilikuwa kusimamia vituo vya matetemeko, sio cheo cha kutisha, lakini alikuwa na jicho. Tetemeko kubwa la New Zealand la mwaka 1929 lilileta mawimbi madogo madogo kwenye vituo vya huku Ulaya ambako, kama kiini ni kimiminika kitupu, yasingetakiwa kufika. Wengine walisema ni mawimbi yaliyopinda tu ukingoni mwa kiini. Yeye akakaa nayo miaka, akapiga hesabu kwa mkono, kompyuta gani enzi hizo, na mwaka 1936 akatoa makala ambayo jina lake ni fupi kuliko makala yoyote nayoijua, herufi P na kijimstari juu yake, basi. Ndani anasema katikati ya kile kimiminika kuna kiini kingine ambacho mawimbi yanadunda juu yake. Alikuwa sahihi. Aliishi miaka 104, akafariki 1993, kwahiyo angalau aliona watu wakikubali.

Rudi sasa kwenye ile nyekundu ya dogo, koti. Koti ndo dunia yenyewe bana, zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wote ni hilo, kutoka chini ya ganda mpaka kilomita 2,900. Na mawimbi ya kutikisa yanapita humo mwanzo mwisho bila shida. Maana yake? Ni gumu. Ni jiwe. Sio lava, sio uji, ni jiwe lenye joto la digrii elfu moja na mia kadhaa huko juu yake na elfu tatu na zaidi huko chini, lakini jiwe.

Jiwe la digrii elfu tatu linakuwaje jiwe? Waulize wapagazi wa Kilimanjaro. Ukipika maharage Moshi mjini yanaiva, ukiyapeleka kule kambi za juu unachemsha mpaka mkaa unaisha bado yanagoma, kwa sababu huko juu hewa haikandamizi sana maji yanachemka mapema, pale Uhuru yanachemka kwenye digrii 80 hivi badala ya 100. Mgandamizo ukipungua kitu kinabadilika hali mapema, ukiongezeka kinachelewa. Jiwe nalo ni hivyohivyo. Likikaa chini ya mamia ya kilomita za mawe mengine limebanwa mno, haliyeyuki hata likiwa na joto ambalo huku juu lingelimaliza kabisa. Na ukielewa hapo umeelewa lava inatoka wapi, maana haitoki kwenye bahari fulani iliyokuwa inangoja. Inatengenezwa. Jiwe la moto la koti likipanda juu mgandamizo unapungua, joto lake likiwa karibu vilevile, sehemu yake ndogo inaanza kuyeyuka, asilimia chache tu, na hiyo michirizi inakusanyika na kupanda mpaka volkano.

Ila subiri, linapandaje kama ni gumu? Hapa ndo wengi wanapotea. Kitu kinaweza kuwa kigumu kwa leo na kimiminika kwa miaka milioni. Angalia lami, ukiigonga na nyundo inapasuka vipande, lakini chuo kikuu cha Queensland Australia waliiweka kwenye faneli mwaka 1927 na inadondoka yenyewe, imetoa matone tisa mpaka sasa. Koti linatembea kwa mtindo huo, sentimita chache kwa mwaka, spidi ya kucha kuota. La moto linapanda, lililopoa linazama, na yale mabamba tunayokaa juu yake yanabebwa humo humo. Bamba lenyewe sio ganda peke yake, ni ganda pamoja na kipande cha juu cha koti kilichopoa kikakakamaa, jumla kilomita mia hivi.

Afrika Mashariki tuko kwenye siti za mbele kuangalia hii sinema. Chini kabisa ya bara letu, pale koti linapokutana na kiini, kuna rundo kubwa la mawe ambayo mawimbi yakipita yanapunguza mwendo, ukubwa wake ni wa bara zima, na lingine la namna hiyo liko chini ya bahari ya Pasifiki. Kutoka upande huo jiwe la moto linapanda na kuinua ukanda wote huu, ndo maana Bonde la Ufa linapasuka. Na ufa wenyewe una tabia ya kuogopa, ukifika kwetu unagawanyika mara mbili, mmoja unapita Kenya na Manyara, mwingine unazunguka Tanganyika na Kivu, kwa sababu katikati, kuanzia Dodoma kupanda mpaka Mwanza, kuna kipande cha bamba cha zamani sana, mawe yake yana miaka zaidi ya bilioni 2.5, kinene, kimepoa, kina mizizi mirefu ndani ya koti, hakipasuki kirahisi. Ziwa Victoria limekaa hapo juu yake katikati ya nyufa mbili.

Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa habari hii, Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na tena Mei 2021. Wakenya wao wameamua kuufanya ufa biashara, pale Olkaria Naivasha wanatoboa visima vya kilomita mbili tatu kuchukua mvuke, umeme wa kwanza walitoa 1981 na saivi jotoardhi ndo linatoa karibu nusu ya umeme wao. Na sisi tuna Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamasai, volkano pekee duniani inayotoa lava ya aina yake, ina joto la digrii 500 na kitu wakati lava za wengine ni 1,100, inatoka nyeusi kama oili chafu na baada ya siku chache ikinyonya unyevu inageuka nyeupe. Watu wakiona mlima mweupe kwa mbali wanadhani ni theluji.

Na sio lazima tusubiri mawimbi tu, kuna mawe ya huko chini yamepanda yenyewe. Lashaine, kilima kidogo cha volkano upande wa Monduli ambacho watu wanakipita bila hata kugeuza shingo, kililipuka zamani kikabeba vipande vya koti vizimavizima. Ukivipasua ndani ni vya kijani, kijani cha chupa ya bia, ndo madini ya olivini hayo. Almasi za Mwadui nazo zilikomaa kwenye kilomita 150 au zaidi, zikarushwa na mlipuko wa kasi mno, maana zingepanda polepole zingegeuka grafiti tu, ule weusi wa ndani ya penseli, na shimo lake, ambalo John Williamson wa Kanada alilikuta mwaka 1940, bado linahesabika kati ya makubwa duniani. Kuna almasi moja ya Brazili, mwaka 2014 wataalamu walikuta ndani yake chembe ya madini yanayokaa kati ya kilomita kama 520 na 660, na hiyo chembe ina maji. Sio ziwa lililofichwa chini kama ilivyosambazwa mitandaoni, ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, ukilikamua halitoki tone.

Kiini hakijawahi kupanda. Ila ukitaka kugusa kitu cha familia yake nenda Mbozi mkoani Songwe, kuna kile kimondo, bonge la chuma la mita tatu hivi, tani zinakadiriwa 16, asilimia 90 chuma na karibu 9 nikeli. Vimondo vya namna hiyo vinachukuliwa kuwa mabaki ya matumbo ya vijisayari vilivyovunjika zamani huko angani, vijisayari vilivyoyeyuka chuma kikazama katikati, kama ilivyotokea kwa dunia yetu ikiwa changa. Chuma kilipozama kilizoa na vinavyopenda kwenda nacho, dhahabu ikiwemo, kwahiyo dhahabu ya Geita na Afrika Kusini na kwingine kote ni makombo, chungu kiko chini ambako hakuna leseni ya uchimbaji itakayofika.

Na kiini chote ukikitoa nje ni kikubwa kupita sayari nzima ya Mirihi, kidogo tu lakini kinapita. Sehemu ya nje ni chuma kimiminika unene wa kilomita 2,260, hiyo ndo bahari ya moto pekee ya kweli humo ndani na hamna volkano inayochota huko. Cha ndani, kile cha Inge Lehmann, ni tufe la chuma kigumu la kilomita 1,220 kutoka katikati, lina joto kama la uso wa jua na limekakamaa kwa sababu ileile ya maharage, mgandamizo wake ni mara milioni 3.6 ya hewa yetu. Kinaganda polepole, na kuganda kwake kunakikoroga kile kimiminika cha nje, chuma kinachozunguka kinazalisha umeme na sumaku, na sumaku hiyo ndo inageuza sindano ya dira na kutukinga na chembechembe za kutoka kwenye jua. Mara ya mwisho kaskazini na kusini zilibadilishana miaka kama 780,000 iliyopita. Kuna kipindi cha kale zaidi, karibu miaka milioni 1.8 nyuma, sumaku ilikuwa imekaa kama leo katikati ya zama ilipokuwa imepinduka, na wataalamu dunia nzima wanakiita kipindi cha Olduvai kwa sababu mawe ya bonde letu ndo yaliyotunza huo ushahidi.

Dogo alisikiliza yote hayo akila karanga zangu. Alichoka kwenye kiini ila kwenye mawe ya Lashaine aliamka, nilikuwa na kijipande dirishani akakishika akakigeuza geuza juani. Akafuta ile nyekundu yote, akachukua penseli ya kijani akapaka koti lote kijani.

Jumatatu karudi na daftari. Kapigwa kosa.